Binti Anayepokea Simu

Katika nyumba ya Dobi, simu ya asubuhi haikuwa ya kupokelewa. Ilikuwa ya kuangaliwa. Ikilia mara moja ikakatika, maana yake Mama huko mbali aliko ameamka, amewafungulia kuku wake na hana neno. Ikilia mara mbili, dawa za presha zimekaribia kuisha. Mara tatu haijawahi kutokea, na kila mtu alijua maana yake bila kuambiwa. Dobi naye alibipu mara moja, Mama akaliona jina, akairudisha simu kwenye mfuko wa gauni, na mapenzi ya mama na mwana yakawa yamekamilika kwa siku hiyo bila kumgharimu mtu chochote.

Sheria ilikuwa moja tu: asipokee mtu. Mke wa Dobi aliivunja mwezi wa kwanza wa ndoa yake, tena kwa adabu. Simu imelia, mume yuko bafuni, jina ni la mama mkwe. Akapokea, akatoa shikamoo. Mama hakuitikia. Alisema, "Mbona umepokea?" akakata, na salio alilokuwa akilitunza kwa ajili ya kubipu likawa limekwenda na maji. Ukoo mzima ulipata habari kwamba bibi harusi amemlia mkwewe salio. Mke alisema hawezi kuomba radhi kwa kosa la kusalimia. Mama alisema hawezi kumsamehe mtu ambaye hajaomba. Hapo ndipo walipofikia, na miaka imepita, na watoto wamezaliwa na kuanza shule, na wanawake hao wawili bado wanasalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki.

Halafu kampuni mbili za simu zikaoana. Harusi hiyo wateja hawakualikwa, ila mchango walikatwa. Mabango yalibadilishwa rangi usiku kucha, wimbo wa tangazo ukabadilishwa, na kila siku ukawa unakuja ujumbe unaoanza na "Mpendwa Mteja". Ulisema mtandao mpya umewasha mitambo mipya, kasi mpya, huduma mpya. Dobi alikuwa na kidole gumba kilichozoea kazi ya kufuta ujumbe wa kampuni kabla macho hayajafika mstari wa pili. Katika hilo hakuwa tofauti na mtu yeyote mwenye akili zake.

Jumatatu moja, bipu haikuja.

"Labda amelala," alisema mkewe.

"Mama yangu? Alale mpaka saa hizi?"

"Basi labda simu haina chaji."

Dobi alibipu yeye. Simu ya Mama ikaita vizuri, akakata. Akaiweka simu kwenye meza ya kupigia pasi, juu ya rundo la mashati, akawa anaiangalia huku pasi ikitembea. Haikulia.

Jumanne hakubipu, alipiga kabisa. Aliiacha simu iite mpaka ikachoka yenyewe. Akapiga tena, ikaita tena, haikupokelewa. Akampigia fundi viatu anayepakana na Mama, ambaye laini yake ilikuwa ya ile kampuni nyingine iliyoolewa, akaambiwa namba anayopiga haitumiki tena. Alipiga pasi siku nzima, na mkewe alimwona akikunja suruali moja, akaikunjua, akaikunja tena.

"Nenda," alisema mke.

"Nikienda nikamkuta mzima, atasema nimechezea nauli."

"Na usipokwenda?"

Dobi alivuta sare nyingine. Kulikuwa na sare za shule nzima za kupiga pasi kabla ya Jumatatu, na malipo yake yalishaliwa.

*

Jumatano na Alhamisi Dobi alipiga asubuhi na jioni, simu ikaita bure; Ijumaa Shangazi akafika bila kuitwa. Alikuwa dada wa marehemu baba yake Dobi, na alikuwa na uzoefu wa misiba; watu walisema akikukuta una kikohozi anakuuliza ndugu zako wanapatikana kwa namba gani. Alikaa kwenye kiti cha wateja, mfuko wake wa safari miguuni.

"Mimi sisemi kitu," alisema. "Wifi yangu ni mtu wa nguvu. Ila nauliza tu, suti nyeusi unayo?"

Dobi alitazama ukutani. Kulikuwa na suti nyeusi tatu zimetundikwa, zote zinameta, hakuna iliyokuwa yake.

"Za wateja," alisema.

"Si kwa siku moja tu?"

"Shangazi, simu inaita. Mtu aliyekufa simu yake haiiti."

"Inaita, mwanangu. Marehemu mjomba wako aliitwa mpaka tukamaliza kuzika. Ilikuwa mfukoni mwa koti lake." Alijipangusa uso kwa kitambaa. "Lakini mimi sisemi kitu."

Mke alileta chai. Alikuwa mtu wa kusema ukweli na hakujifanya analia, lakini kikombe kilifika kikiwa kimemwagika nusu. Miaka yote amekuwa akisema kwamba yule mama ni mgumu kama jiwe la kusagia. Sasa aliogopa kwamba amekufa wakiwa hawajamalizana, na kwamba yeye atabaki na ule ugomvi peke yake, hana pa kuupeleka.

Wakati huo akaingia mwenye duka la magodoro, mmoja wa wale wenye suti.

"Dobi, wewe siku hizi ni mtu mkubwa," alisema akicheka. "Tangu Jumatatu nakupigia, anapokea katibu."

"Katibu gani?"

"Mwanamke. Sauti laini. Nikaona haya hata kumwambia habari ya suruali."

Shangazi aliacha kujipangusa. Mke wa Dobi aliweka sinia chini taratibu sana.

"Mwanamke gani?" aliuliza.

"Shemeji, mimi ni mtu wa magodoro. Sijui."

"Nipe simu yako."

Akapewa. Akaipiga namba ya mumewe mbele ya mumewe, na simu ya mumewe ikiwa juu ya mashati. Haikulia. Haikutikisika hata kidogo. Lakini sikioni mwake sauti ya mwanamke, laini, iliyotulia, isiyo na wasiwasi wa maisha, ilisema: "Habari. Mtu unayempigia hawezi kupokea kwa sasa. Tafadhali sema baada ya mlio. Nakusikiliza."

"Unanisikiliza?" alisema mke wa Dobi. "Haya sikiliza vizuri." Na akasema. Alisema mambo yaliyomfanya mwenye magodoro ahesabu vifungo vya suti yake, na Shangazi akatikisa kichwa kwa namna ya mtu anayeona kazi ikifanywa sawasawa. Yule mwanamke hakumkatiza hata mara moja. Alipomaliza, sauti ilisema, "Asante. Ujumbe wako umepokelewa," na simu ikakatika.

Kwenye meza, simu ya Dobi ilitoa mlio mdogo. *Mpendwa Mteja. Una ujumbe wa sauti.*

Kidole gumba cha Dobi kilikuwa tayari kimeshaukaribia. Mkewe akamshika mkono.

*

Duka la kampuni lilikuwa na kochi jekundu ambalo halikaliwi, kwa sababu lilikuwa la picha. Watu walisimama. Zamani yalikuwepo maduka mawili, moja kila upande wa barabara. Sasa lilibaki moja, na watu wa yote mawili. Mlinzi aligawa vikaratasi vya namba na kumwambia kila mtu kwamba siku hizi mambo yote yanafanyika kwenye simu, hakuna haja ya kuja. Waliokuja walimsikiliza kwa heshima na kubaki walipo.

Binti wa kaunta alivaa shati la kampuni mpya, mikunjo ya boksi bado inaonekana kifuani, na juu yake sweta la kampuni ya zamani. Macho yalikuwa mekundu kwa kuangalia kioo cha kompyuta.

"Baba, karibu. Shida yako?"

"Simu yangu hailii."

"Ni Msaidizi," alisema binti bila kuangalia. "Huduma mpya. Anakupokelea, ujumbe unahifadhiwa kwenye mtambo, unasikiliza kwa nafasi yako."

"Mimi sikuomba."

"Ulitumiwa ujumbe. Ulisema kama hutaki, ujibu hapana. Hukujibu."

"Niliufuta."

"Sasa baba, ukifuta ni kama umekubali." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amelisema jambo hilo mara nyingi mno kiasi kwamba lilikuwa limeishiwa ubaya wote. "Anayeacha ujumbe halipi kitu. Ni promosheni. Anayesikiliza ndiye analipa."

"Kwa hiyo mtu akinibipu…"

"Hakuna kubipu tena, baba. Kwenye mtandao mpya simu inapokelewa kabla haijalia. Tumeanza na laini za mjini, za vijijini bado." Alisema kwa sauti ya chini kidogo, "Hata mama yangu analalamika."

Dobi aliinama juu ya kaunta. Nyuma yake mtu alikohoa kile kikohozi cha foleni.

"Binti, nina mama yangu. Nataka kujua kama yuko hai."

Binti alimtazama kwa mara ya kwanza. Halafu akatazama kioo, kwa sababu ndiko majibu yake yote yalikokuwa. Aliandika, akasubiri. Kioo kiliganda, kwa kuwa mitambo ya kampuni mbili ilikuwa bado inaunganishwa, akapiga kibao kwa kiganja.

"Kuna ujumbe kutoka namba moja," alisema. "Kila siku asubuhi. Wa mwisho ni wa jana." Akasita. "Leo hakuna."

"Anasema nini?"

"Sisi haturuhusiwi kusikia, baba. Nunua kifurushi cha sauti. Niiondoe hii huduma?"

"Subiri kwanza," alisema Dobi, na hakujua kwa nini amesema hivyo. Akatoka kabla hajaulizwa mara ya pili.

*

Waliiweka simu juu ya meza ya pasi, katikati ya sare za shule, sauti ikafunguliwa mpaka mwisho. Shangazi alisogeza kiti. Dobi akabonyeza.

Kwanza kuku. Halafu: "Haloo? Haloo? Nani wewe? Mbona umepokea? Kata! Kata utanilia salio!"

"Mama," alisema Dobi, na akakaa chini kwenye kikapu cha nguo.

Uliofuata: "Umepokea tena. Sasa wewe binti ni nani? Umeajiriwa hapo? Jana nimeangalia salio langu, halijaguswa. Nimeangalia mara mbili. Basi mwambie nimeamka. Ndiyo hayo tu."

Uliofuata ulikuwa mrefu zaidi. "Shikamoo yako iko wapi? Hata hivyo una adabu, unasema 'nakusikiliza', siku hizi nani anakusikiliza. Mwambie nimeamka. Mwambie kuku mwekundu ametaga nje, na fundi viatu amenirekebishia kandambili, hataki pesa, anataka mayai. Na mwambie jana ameniita kwa muda mrefu mno, sijui alikuwa amekalia simu. Nimemwona. Bipu ni moja tu, asichezee chaji."

Dobi alimtazama mkewe. Mke alimtazama Dobi. Mama alikuwa akiiona simu ikiita jioni na asubuhi, naye, kwa kuiheshimu sheria, alikaa akaiangalia mpaka ikanyamaza, akaridhika kwamba mwanawe hajambo.

Baada ya huo ukaja wa mke wa Dobi mwenyewe. "Unanisikiliza? Haya sikiliza vizuri. Wewe mwanamke usiye na haya, uliyekaa ndani ya simu ya mume wa mtu…" Mtambo ulikuwa umeuchomeka katikati, pengine kwa uchovu wa harusi. Mke alitazama dari mpaka ukaisha.

Wa mwisho ulianza bila kuku. Kulikuwa na kupumua.

"Binti. Mwanangu. Leo sikuwafungulia kuku. Nimeteleza bafuni, mguu umevimba, umekuwa kama si wangu. Nimejikokota mpaka kitandani. Usimwambie. Ana kazi zake, ataacha kazi aje kunitazama mguu, mguu una nini cha kutazama. Nakwambia wewe kwa sababu… nimekuwa naongea na wewe, basi. Mchana hapa ni mrefu. Yeye tangu baba yake afe ananibipu tu, na mimi nambipu. Sijui hata sauti yake sasa ikoje. Mwambie nimeamka. Hilo ndilo umwambie."

*Kufuta ujumbe huu, bonyeza moja,* alisema yule mwanamke kwa sauti yake laini. *Kuuhifadhi, bonyeza mbili.*

Dobi alikuwa analia bila kujificha, sare ya mtoto wa mtu ikiwa mkononi. Mkewe aliichukua ile sare kabla haijalowa, akampa kitambaa.

"Nenda leo," alisema. "Hizi nitazipiga mimi."

*

Safari nzima Dobi alipanga maneno. Atamwambia Mama kwamba hakuna binti. Kuna mtambo, uko kwenye jengo la kampuni, sauti ilirekodiwa zamani na mtu aliyelipwa akaenda zake. Aliyapanga vizuri, kwa lugha nyepesi, na alipofika stendi alikuwa ameyakariri.

Alimkuta Mama kitandani, mguu umefungwa kitambaa, fundi viatu amekaa mlangoni akilinda. Alipomwona mwanawe uso ulifunguka wote, halafu akaukunja haraka.

"Wewe! Kazi umemwachia nani?"

"Mke wangu."

"Ataunguza." Akatazama pembeni. "Nani kakwambia?"

Hapo ndipo palipokuwa pa kulisema lile jambo. Dobi alifungua mdomo. Alimtazama mama yake, nywele hazijasukwa, simu iko juu ya mto karibu na sikio lake, sehemu ambayo zamani haikuwa mahali pake. Aliona aibu kubwa. Angewezaje kumwambia kwamba muda wote huo hapakuwa na mtu?

"Yule binti," alisema.

Mama aliigeuza simu kifudifudi juu ya mto.

"Nilimkataza."

"Alisikia sauti yako, akaogopa."

"Nilimkataza, na yeye akasema. Basi si wa kumwambia kitu."

Walikwenda hospitali kwa gari la kukodi, Dobi akimbeba Mama mikononi kutoka kitandani mpaka mlangoni mwa gari, naye akilalamika kwamba watu wanaangalia. Mguu haukuvunjika. Ulifungwa vizuri, naye akapewa dawa. Kwa siku mbili Dobi alifungulia kuku, akachota maji, akapika vibaya. Waliongea kuhusu mguu, kuhusu kuku, kuhusu bei ya nauli. Kila jioni Dobi alingoja lile alilolisikia kwenye simu, yule mama anayesema mchana ni mrefu, lakini aliyekuwa mbele yake alimwuliza tu kama ameshafunga banda.

Siku ya kuondoka Mama alijikongoja na fimbo mpaka mlangoni.

"Haya nenda, jua litakuwa kali."

"Mama, nikipiga, pokea."

"Nipokee nini? Ukifika, bipu."

*

Asubuhi iliyofuata, simu ya Dobi ilitoa ule mlio mdogo. Alibonyeza akiwa bado hajanawa uso. Kuku. Pumzi moja. Kukatika.

Kesho yake hivyohivyo: kuku, pumzi, kukatika. Na kesho kutwa. Alipompigia, simu iliita mpaka ikanyamaza, na alijua kwamba Mama amekaa anaiangalia.

"Si bipu imerudi hiyo?" alisema Shangazi, aliyepita kuchukua mfuko wake. "Ameamka, hajambo. Unataka nini tena?"

Dobi hakuweza kusema anataka nini. Kile alichoridhika nacho miaka yote alikuwa nacho tena, bila kupungua, na sasa hakikumtosha. Aliunguza suruali ya mwenye magodoro, kwenye goti, umbo zima la pasi. Hakuwa ameunguza nguo tangu alipokuwa anajifunza kazi.

"Nimemharibia," alimwambia mkewe. "Alikuwa na mtu mmoja wa kuongea naye, nikamchongea."

"Si mtu."

"Kwake ni mtu."

Mke alikuwa ananyunyizia maji shati. Alikuwa na lake moyoni, lililomkaa tangu siku ile waliposikiliza, na siku hiyo likamtoka. "Mashine ya wiki moja ameiambia ina adabu. Mimi nimepika kwenye nyumba yake, nimemwogesha alipougua, nimemzalia wajukuu. Hajawahi kuniambia hata mara moja kwamba nina adabu."

Dobi alichukua chupa ya maji, akamnyunyizia shati lililofuata.

Mchana simu ilitoa mlio. *Mpendwa Mteja.* Kidole gumba kilikwenda chenyewe. Lakini simu ilikuwa karibu na mke, na mke aliusoma ujumbe mpaka mwisho, jambo ambalo halijawahi kufanyika katika nyumba hiyo. Ulisema kuwa kwa ada ndogo, mteja anaweza sasa kurekodi salamu zake mwenyewe badala ya zile za Msaidizi, ili ndugu, jamaa na marafiki wajisikie nyumbani.

Hakumwambia mumewe. Alingoja aende kuchukua mkaa, akasimama kati ya suti zilizotundikwa, pale ambapo kelele za barabarani hazifiki. Alibonyeza alichoambiwa abonyeze. Mlio ukalia. Akanyamaza, na muda ukaisha, ikabidi aanze upya. Mara ya pili aliilegeza sauti yake, akaishusha, akaifanya ya mtu asiye na wasiwasi wa maisha.

"Shikamoo, mama," alisema. "Nisamehe. Nilikosea. Sitarudia tena. Sema, nakusikiliza."

Halafu akarudi kwenye meza akapiga pasi mashati manne bila kupumzika, uso wake umewaka moto. Moto huo haukuwa wa pasi.

*

Asubuhi ya pili yake Dobi alikuwa nje anapuliza mkaa wakati simu ilipotoa mlio. Mke aliichukua, akaiweka sikioni, sauti ikiwa chini.

Kuku. Pumzi. Haikukatika.

"Marahaba," alisema Mama.

Kuku mmoja akalalamika.

"Haya. Yameisha. Mtu akishaomba radhi mimi sina neno, si mtu wa kinyongo. Lakini safari nyingine nikikwambia usiseme, usiseme. Sauti yako leo nzito, una mafua, tafuta dawa." Akavuta pumzi. "Alikuja. Amekonda. Yeye anapiga pasi nguo za mji mzima, na shati lake mwenyewe limejikunja kama limetoka kinywani mwa mbuzi. Alinibeba, binti. Mimi ndiye niliyembeba yule, na akanibeba mbele za watu. Nilitaka kumwambia akae hata wiki, mdomo ukakataa, nikamwambia jua litakuwa kali. Alipoondoka nikaingia ndani nikalia, nikalia mpaka kuku wakaja mlangoni kuangalia kuna nini. Hilo usimwambie. Umeapa."

Mke wa Dobi aliibana simu zaidi sikioni.

"Na jambo moja. Yule mke wake, mkamwana wangu, yuko karibu hapo? Ungemfundisha hayo maneno uliyoniambia. Ni machache tu. Ni mwanamke mzuri yule, mchapakazi, nilimwona alivyoniogesha nilipougua, hakukunja uso hata siku moja. Miaka yote nayasubiri tu hayo maneno, na sasa ona, nimeambiwa na wewe. Haya. Nimeamka. Hilo mwambie."

*Kufuta ujumbe huu, bonyeza moja. Kuuhifadhi, bonyeza mbili.*

Mke alibonyeza mbili. Alijipangusa uso kwa mkono wa shati lililokuwa mezani, akakumbuka ni la mteja, akalirudisha kwenye rundo la kufuliwa. Dobi akaingia na pasi, mkaa umeshika, mikono myeusi mpaka kwenye kiwiko. Aliona simu mkononi mwa mkewe na uso wake ulivyo, akasimama palepale.

"Amesema nini?"

"Ameamka."

"Ameongea? Ameongea kabisa?"

"Ameongea."

"Amesema nini?"

Mke aliichukua ile pasi mikononi mwake, akaijaribu joto kwa kidole kilicholowa mate. Halafu akavuta karibu shati la mumewe, lile alilosafiri nalo, ambalo halikuwa limeguswa na mtu tangu lilipofuliwa, na akaanza na kola.

"Mengine nimekatazwa," alisema.